Gesi ya AC ya gari haiishi, huvuja: mambo ambayo mzazi ajue kabla ya kuijaza nyumbani

WINGWI, PEMBA. Kaskazi likishika, kati ya Disemba na Machi, gari lililoegeshwa juani huwa kama tanuri. Usukani haushikiki, siti zinaunguza mapaja, na mtoto anayewekwa kiti cha nyuma huanza kulia kabla gari halijaondoka.

Kwa familia za Wingwi jambo hili si la anasa. Anayempeleka mgonjwa Wete au Chake Chake hukaa barabarani muda mrefu, na mara nyingi gari moja hubeba mama mjamzito, bibi mwenye shinikizo la damu na watoto wawili waliopakatwa. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto haraka mara tatu hadi tano kuliko wa mtu mzima, na wazee na wajawazito nao huchoka upesi kwenye joto kali. AC inayofanya kazi ina faida kwa afya ya watu wote hao.

Ndiyo maana AC ikiacha kutoa baridi, wazo la kwanza la wazazi wengi ni moja: gesi imekwisha, ijazwe. Kwa kuwa makopo madogo ya gesi huuzwa madukani na video za kufundisha zimejaa kwenye simu, wapo wanaoamua kuifanya kazi hiyo wenyewe uani, watoto wakiwa wamewazunguka kutazama.

Kuna kazi za AC ambazo mzazi anaweza kuzifanya nyumbani kwa usalama, tena zinaokoa pesa. Zipo nyingine zinazoweza kumpofua mtu jicho, kumuunguza mkono kwa baridi au kulipua kopo. Tofauti ya kazi hizo mbili inafaa kujulikana kabla boneti halijafunguliwa.

Baridi inatoka wapi

Waliokulia kwenye nyumba zenye mtungi wa udongo wanajua kwamba maji yake huwa baridi hata mchana wa jua kali. Maji kidogo hupenya kwenye udongo, yakifika nje hugeuka mvuke, na mvuke ule huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani.

AC ya gari hufanya kazi kwa msingi huohuo, ila badala ya maji hutumia gesi maalumu inayozunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huikandamiza gesi hadi ipate joto na mgandamizo mkubwa. Gesi hiyo hupita kwenye kondensa, ile wavu bapa iliyo mbele ya rejeta, ambako hupoa na kuwa kimiminika. Kisha hupenyezwa kwenye tundu dogo na kuingia ivapoleta, iliyojificha nyuma ya dashibodi. Huko hugeuka tena kuwa gesi na kunyonya joto la hewa, na feni hupuliza hewa hiyo iliyopoa kuelekea kwa abiria.

Gesi inayotumika kwenye magari mengi yaliyotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990 ni R-134a. Kabla ya hapo ilikuwa R-12. Magari mapya zaidi, hasa ya Ulaya na Marekani, yana R-1234yf, ambayo inaweza kushika moto. Gari dogo la familia huhitaji R-134a kiasi cha gramu 400 hadi 600 tu, na kiasi halisi huandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya boneti.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba gesi hiyo hailiki kama petroli. Inazunguka tu, mwaka baada ya mwaka, ndani ya mabomba yaliyofungwa. Gari linaweza kupoteza kiasi kidogo sana kwa miaka kupitia mipira ya viungio, lakini gari lililojazwa gesi mwaka jana na mwaka huu limerudi kwenye joto lina tundu mahali fulani. Kulijaza bila kuziba tundu hilo ni sawa na kumimina maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Kwa nini magari ya pwani huvuja

Magari mengi yanayoingia Zanzibar yamekwisha kutumika Japani kwa miaka kadhaa. Mipira yake ya viungio imezeeka na kukauka. Baadhi hukaa muda mrefu bila kuwashwa AC, na mipira hukauka zaidi kwa sababu mafuta ya kompresa, yanayotembea pamoja na gesi, hayaifikii.

Kisiwani huongezeka chumvi. Kondensa nyingi ni za aluminiamu, na upepo wa bahari ukichanganyika na vumbi huzila taratibu. Mahali kama Wingwi, penye bahari karibu na njia za ndani zenye mawe, kondensa pia hupigwa na changarawe kwa sababu ipo mbele kabisa ya gari.

Kinga yake ni rahisi. AC iwashwe walau dakika kumi kila wiki, hata wakati wa kusi ambapo hali ya hewa ni ya baridi kidogo, ili mafuta yatembee. Kondensa nayo ioshwe kwa maji baridi yasiyo na nguvu kubwa, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Mashine za kuoshea zenye presha kali hukunja mapezi yake membamba.

Kagua haya mwenyewe kwanza

Kazi zifuatazo hazigusi gesi kabisa. Mara nyingi tatizo huonekana humu, na kopo halihitajiki.

Kwanza, sikiliza upepo. Kama AC imewashwa na upepo hautoki kabisa au ni dhaifu, kosa haliko kwenye gesi. Angalia fyuzi ya feni, kisha filta ya hewa ya ndani. Katika magari mengi ya Japani filta hiyo iko nyuma ya kidroo kilicho mbele ya abiria, na hutolewa kwa mkono bila spana. Ikiwa nyeusi, imejaa manyoya, majani na vumbi, ibadilishwe. Kwa mtoto mwenye pumu, filta chafu ni sababu tosha ya kikohozi kila anapopanda gari.

Pili, nusa. Harufu ya unyevu au ya nguo zilizokaa bila kukauka huashiria ukungu kwenye ivapoleta. Ukungu huo hupulizwa usoni mwa abiria. Dakika chache kabla ya kufika nyumbani, zima AC na uache feni ipulize peke yake ili ivapoleta ikauke. Harufu ikibaki, fundi aisafishe.

Tatu, tazama maji. Maji yanayodondoka chini ya gari AC inapofanya kazi ni ya kawaida, ni jasho la ivapoleta. Yakionekana ndani, kwenye zulia la miguu, mpira wa kutolea maji umeziba.

Nne, linganisha mwendo na kusimama. Kama AC inatoa baridi gari likiwa mwendoni lakini ikipoteza baridi gari likisimama, feni ya kondensa huenda haizunguki, au kondensa imezibwa na uchafu. Kuongeza gesi hapo huharibu zaidi.

Tano, kagua mkanda na kompresa. Injini ikiwa imezimwa, angalia kama mkanda umechanika au umelegea. Kisha mtu mmoja awashe gari na AC, na mwingine asimame mbali kidogo asikilize: kompresa nyingi hutoa mlio wa “tak” inaposhika. Isiposhika kabisa, inaweza kuwa fyuzi, rilei, au gesi imepungua hadi swichi ya usalama imeizuia.

Sita, tafuta alama za mafuta. Gesi inayovuja hutoka na mafuta ya kompresa, kwa hiyo kiungio chenye doa la mafuta lililoshika vumbi ndicho cha kushuku. Injini ikiwa imezimwa, paka povu la sabuni kwenye kiungio hicho. Mapovu yakiota, mahali pa kuvuja pamepatikana. Povu lisipoota haina maana kwamba hakuna uvujaji, kwa sababu matundu madogo sana huhitaji kifaa cha fundi.

Angalizo kwa wanaokagua: kanzu, mikono mipana, ncha za mtandio na kanga ziwekwe mbali na mkanda. Feni za umeme zinaweza kuanza kuzunguka zenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe gari likiwa na moto.

Magari ya mseto, kama Toyota Prius, yana tahadhari yake. Mengi yana kompresa inayoendeshwa kwa umeme wa volti nyingi, wenye uwezo wa kuua, na nyaya zake huwa za rangi ya chungwa. Zisiguswe. Kompresa hizo pia hutumia mafuta maalumu yasiyopitisha umeme, na mafuta ya kawaida yakiingia yanaweza kuleta hitilafu ya hatari.

Gesi humdhuru vipi mtu

R-134a huchemka kwenye nyuzi joto 26 chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba kimiminika chake kikiruka na kumgusa mtu, hugeuka gesi papo hapo na kunyonya joto la ngozi kwa ghafla. Ngozi huganda, huwa nyeupe na ngumu, kisha huvimba na kutoa malengelenge kama ya kuungua kwa moto. Likipata jicho, linaweza kuharibu kioo chake cha mbele.

Mgandamizo nao ni mkubwa. Kwenye joto la nyuzi 30, R-134a iliyotulia ndani ya kopo husukuma kwa nguvu karibu mara tatu ya upepo wa tairi la gari dogo. Injini ikiwashwa, upande wa mgandamizo mkubwa hupanda zaidi ya hapo. Mtu anayefungua nati ya bomba la AC kwa spana bila kuondoa gesi kwanza anaweza kurushiwa gesi na mafuta usoni.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja kwa wingi ndani ya banda lililofungwa au shimo la kukagulia magari, hujikusanya chini na kuifukuza oksijeni, mahali ambapo ndipo ilipo pua ya fundi aliyelala chini ya gari au mtoto anayetambaa. Kuivuta kwa wingi huleta kizunguzungu na kunaweza kuvuruga mapigo ya moyo ghafla.

Kisha kuna moto. R-134a haiwaki kirahisi, lakini ikipita kwenye ndimi za moto huvunjika na kutoa hewa zenye asidi zinazochoma koo na mapafu. Nyumba nyingi zina jiko la kuni au la mkaa uani, hatua chache kutoka gari linapoegeshwa. Moto wa jiko, sigara na kuchomelea vyuma havifai kuwa karibu na kazi hii.

Gesi ya kupikia si mbadala

Kuna wanaoshawishiwa kwamba gesi ya kupikia inaweza kuingizwa kwenye AC ya gari kwa kuwa ni rahisi na inaleta baridi. Ni kweli kwamba hupooza. Lakini ni gesi ile ile inayowasha jiko, na ivapoleta ipo ndani ya chumba cha abiria. Ikivuja huko madirisha yakiwa yamefungwa, cheche moja ya swichi inatosha. Gari likigongwa mbele, kondensa ndiyo hupasuka mwanzo, karibu na nyaya za umeme na injini yenye moto.

Gesi za AC za nyumbani nazo si za gari. R-22, iliyo kwenye viyoyozi vingi vya zamani vya ukutani, ina mgandamizo mkubwa zaidi wa R-134a katika joto lilelile, na inaweza kupasua mipira na kompresa ya gari. R-410A inazidi hata hiyo.

Gesi bandia pia ipo, tena imeua. Mwaka 2011, makontena kadhaa ya kusafirishia vyakula baridi yalilipuka katika bandari za nchi mbalimbali na kuua mafundi. Ilibainika kwamba mitambo yake ilikuwa imejazwa gesi iliyouzwa kama R-134a huku imechanganywa na R-40, kemikali ambayo ikikutana na aluminiamu hutengeneza kitu kinachowaka chenyewe kikipata hewa. Kopo lisilo na lebo inayosomeka, au la bei ya kushangaza, liachwe dukani.

Anayeamua kutumia kopo

Kazi kamili ya kujaza gesi huanza kwa kutoa gesi iliyobaki kwa mashine, kuziba tundu, kunyonya hewa na unyevu kwa pampu kwa muda wa nusu saa au zaidi, kisha kuingiza gesi iliyopimwa kwenye mzani. Hatua ya pampu ni muhimu katika kisiwa chenye unyevunyevu kama Pemba. Unyevu ukibaki ndani huganda kwenye tundu dogo na kuziba njia, na ukichanganyika na gesi na mafuta hutengeneza asidi inayokula mabomba kwa ndani.

Kopo la dukani haliwezi kufanya hayo. Linaweza tu kuongeza kidogo kwenye mfumo ambao bado una gesi, kama hatua ya muda. Mfumo uliokwisha kabisa gesi umeshaingia hewa, na kopo halitausaidia.

Kwa mzazi anayeamua kuongeza hata hivyo, masharti ni haya.

Soma kibandiko chini ya boneti. Kama hakikuandikwa R-134a, acha. Nunua kopo lenye geji na vali yake, lisilo na “dawa ya kuziba” ndani yake, kwa sababu dawa hiyo huganda na kuharibu mashine za fundi baadaye.

Vaa miwani ya kazi inayofunika macho pande zote na glovu nzito. Miwani ya jua haitoshi. Kazi ifanyike nje penye upepo, milango ya gari ikiwa wazi, na watoto wawe ndani ya nyumba au kwa jirani.

Tafuta kiungio cha upande wa mgandamizo mdogo, chenye kifuniko kilichoandikwa herufi L, kwenye bomba nene. Kile cha H kwenye bomba jembamba kisiguswe kamwe. Viungio hivyo vimetengenezwa kwa ukubwa tofauti ili visichanganywe. Kama mpira wa kopo haukai, usilazimishe. Kopo likiunganishwa upande wa H injini ikifanya kazi, gesi hurudi ndani ya kopo na kulipasua mkononi.

Washa injini, AC iwe kwenye baridi ya mwisho na feni kwenye kasi ya juu. Shika kopo likiwa wima ili iingie gesi, maana kimiminika kikiingia kinaweza kuivunja kompresa. Ingiza kidogo kidogo, ukisimama kusoma geji. Kwenye magari mengi yenye R-134a, upande mdogo ukiwa unafanya kazi husoma kati ya PSI 25 na 45. Ukifika hapo simama, hata kama kopo halijaisha. Gesi ikizidi, baridi hupungua na kompresa huumia.

Kopo lisiwekwe juani, lisitiwe kwenye maji ya moto wala lisisogezwe karibu na jiko ili “litoke haraka”. Likiisha lisitobolewe wala kutupwa kwenye moto wa taka. Watoto wasipewe kuchezea.

Watoto na gari lenye AC mbovu

Ajali mbaya zaidi ya joto la gari haihitaji gesi. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulipima joto ndani ya gari lililofungwa juani na kukuta kwamba hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 ndani ya saa moja, na asilimia 80 ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya mwanzo. Kufungua kioo kidogo hakukusaidia sana. Siku ya nyuzi 31, gari hilo linaweza kupita nyuzi 50. Mtoto asiachwe ndani hata kwa dakika za kununua mkate.

Gari linapotengenezwa, hatari huongezeka kwa sababu milango iko wazi na mtu mzima ameinamia boneti. Mtoto huingia kucheza, mlango hujifunga, na hakuna anayejua yuko wapi. Kwa hiyo mtu mmoja apewe kazi ya kuwaangalia watoto, na gari lifungwe kwa ufunguo kila linapoachwa.

Maji ya rejeta ya rangi ya kijani au nyekundu yasiachwe kwenye bakuli chini. Mara nyingi yana ladha tamu na ni sumu. Mtoto aliyeyanywa apelekwe hospitali mara moja na chupa yake.

Usimlaze mtoto ndani ya gari linalounguruma katika banda lililozibwa ili apate baridi ya AC. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Na katika safari ndefu, kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kisiachwe kimewashwa muda wote. Gari likiwa na watu wengi, hewa huchakaa na dereva husinzia. Ruhusu hewa ya nje iingie kila baada ya muda.

Ikitokea ajali

Gesi ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka polepole, ukilifungua jicho kwa vidole, kwa dakika 15 au zaidi. Lisisuguliwe wala kutiwa dawa yoyote ya nyumbani. Kisha mgonjwa awahishwe hospitali, hata kama maumivu yametulia.

Ngozi ikiganda, itie kwenye maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono wa mtu mzima unayavumilia bila taabu. Usisugue, usiote moto, usipake dawa ya meno, asali wala mafuta. Nguo iliyoganda kwenye ngozi isivutwe, imwagiwe maji ya uvuguvugu hadi iachie yenyewe. Malengelenge yasipasuliwe.

Aliyevuta gesi atolewe nje kwenye hewa safi, akae atulie, asikimbie wala kutembezwa. Akiwa hajitambui au hapumui vizuri, msaada utafutwe mara moja. Wanaoishi Wingwi wana Hospitali ya Micheweni karibu. Mweleze daktari jina la gesi au mchukulie kopo, kwa sababu baadhi ya dawa za kuamsha moyo hutolewa kwa uangalifu kwa mtu aliyevuta gesi hizi.

Gesi inayoachwa hewani

Mafundi wengine hufungua kiungio na kuiacha gesi yote iruke hewani kabla ya kuanza kazi. Wanaosimama karibu huivuta, na madhara yake huendelea hata baada ya hapo.

Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza jinsi gesi za aina ya R-12 zinavyoharibu tabaka la ozoni, linalowakinga binadamu dhidi ya miale ya jua inayosababisha saratani ya ngozi na mtoto wa jicho. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1995 pamoja na Paul Crutzen. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukaanza kuziondoa gesi hizo, na Tanzania ikajiunga mwaka 1993.

R-134a haili ozoni, lakini hushika joto la dunia mara 1,430 zaidi ya hewa ukaa kwa uzito uleule. Nusu kilo inayoachwa uani ina athari sawa na kuchoma karibu lita 300 za petroli. Kwa sababu hiyo nchi zilikutana Kigali, Rwanda, Oktoba 2016, zikakubaliana kupunguza gesi za kundi hilo. Kwa kijiji cha pwani kinachotegemea uvuvi na mwani, bahari inayozidi kupata joto ni habari ya nyumbani.

Maswali ya kumuuliza fundi

Wazazi wasiwe na haya ya kuuliza. Fundi anayejua kazi yake hakasiriki.

Amepata wapi panapovuja, na anaweza kupaonesha? Anatumia gesi gani, na mtungi wake una lebo? Ana pampu ya kunyonya hewa, na ataiacha kwa muda gani? Anapima gesi kwa mzani kulingana na kibandiko cha gari, au anakisia? Gesi ya zamani anaiweka wapi? Mafuta ya kompresa ni ya aina inayotakiwa na gari hilo?

Anayejibu kila swali kwa “niachie mimi tu” na kuanza kujaza bila kutafuta tundu, atamrudisha mteja tena kaskazi lijalo. Kijana wa nyumbani mwenye hamu ya kazi hii naye ana pa kuanzia. Pemba ipo kituo cha mafunzo ya amali Vitongoji, na wazazi wanaweza kwenda kuulizia kozi zinazotolewa.

Gari likisubiri fundi, safari bado zinawezekana. Ondoka alfajiri au jioni, egesha kivulini, fungua milango yote dakika chache kabla ya kupakia watoto, beba maji ya kutosha, na gusa chuma cha mkanda wa siti kwa mkono wako kabla hakijagusa ngozi ya mtoto. Mtoto aliyeacha kutoka jasho, amelegea, ana joto kali au anatapika ndani ya gari ashushwe kivulini, alowanishwe kwa maji, apepewe na apelekwe hospitali bila kungoja.